Maisha ya Daktari John Kirk, Mganga Aliyependa Kupiga Picha



Wengi wenu mmekwisha kufika Kwihara mkaiona tembe alimokaa Dakta Livingstone. Kutoka hapa kwetu Isevya ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Watu wakiingia mle ndani huuliza habari za wawili tu, Livingstone na Stanley. Leo tumeona vema tuwaletee habari za mtu wa tatu. Huyu hakufika Tabora hata siku moja, lakini katika miaka ya 1871 na 1872 jina lake lilitajwa sana Kwihara, wala halikutajwa kwa wema. Ni Daktari John Kirk, aliyekuwa mganga na baadaye konseli wa Uingereza huko Unguja.

Waandishi wa historia humkumbuka kwa mkataba uliofunga soko la watumwa. Hilo tutalifikia. Lakini sisi tumemchagua kwa jambo lingine ambalo halitajwi sana. Tangu ujana wake alipenda mno kupiga picha, zile za rangi nyeusi na nyeupe, katika siku ambazo picha moja iligharimu jasho la nusu siku. Tukimtazama kupitia upenzi wake huo, twaona mengi ambayo barua za serikali hazionyeshi.

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji. Kijana alipelekwa Edinburgh kusomea uganga, akahitimu mwaka 1854. Mji ule ulikuwa mahali pazuri kwa mtu wa tabia yake, maana tangu miaka ya 1840 walikuwako watu walioshughulika na ufundi huu mpya, na picha walizopiga akina Hill na Adamson zasifiwa hadi leo. Zaidi ya picha, Kirk alipenda mimea. Mambo haya mawili kwake yalikwenda pamoja: yote yamtaka mtu asimame kimya, atazame, asiharakishe.

Vita vya Crimea vilipokuwa vikiendelea alikwenda mwaka 1855 kuhudumu katika hospitali ya Renkioi, karibu na mlango wa bahari wa Dardanelles katika nchi ya Waturuki. Huko alipata nafasi ya kupiga picha na kukusanya mimea.

Hapa inatubidi tuwaeleze vijana wetu kazi yenyewe ilikuwaje, kwa sababu wao wana simu mkononi na wanaweza kupiga picha ishirini kabla kasisi hajamaliza baraka. Siku zile zilikuwako njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya karatasi iliyopakwa nta kisha ikaloweshwa katika dawa yenye chumvi ya fedha. Karatasi hiyo iliweza kutayarishwa siku kadhaa kabla, kwa hiyo ilimfaa msafiri, ila ilikuwa nzito wa kushika mwanga. Hata juani ilihitaji dakika nyingi, na mtu aliyepita mbele ya kamera hakuonekana kabisa, kana kwamba hakuwako. Njia ya pili ilikuja mwaka 1851, nayo ni ya kioo. Mpiga picha alimimina juu ya kioo dawa ya kunata, akakitia katika dawa ya fedha, akakiweka ndani ya kamera kingali chepesi kwa maji, akapiga, akakimbilia hemani penye giza kukisafisha kabla hakijakauka. Picha yake ilikuwa safi sana. Lakini dawa ile ilichanganywa na etha, ambayo katika joto la nchi zetu hukauka upesi mno, na ndani ya hema lililofungwa pande zote mtu alivuta mvuke wake huku akitoka jasho.

Kilichotoka kwanza ni negativu, yaani sura iliyogeuzwa, ambapo anga ni jeusi na kivuli ni cheupe. Katika negativu Mzungu huonekana mweusi na Mwafrika huonekana mweupe, jambo ambalo twadhani lingewafaa watu wa siku zile kulitafakari. Kisha negativu iliwekwa juu ya karatasi nyingine na kuanikwa juani, hapo ndipo picha ya kweli ikatokea.

Tena dawa zile hazikuona rangi kama macho yetu yaonavyo. Ziliujua mwanga wa buluu, lakini nyekundu na kijani karibu hazikuziona. Kama mtu angesimamisha kamera hapa Tabora, udongo wetu mwekundu ungetoka mweusi, miembe ingetoka kama usiku, na juu yake anga jeupe tupu lisilo na wingu. Mpiga picha mwenye akili alilijua hilo, akachagua saa na pembe. Vidole vyake navyo vilibaki na madoa meusi ya dawa ya fedha. Kwa mganga kama Kirk dawa hiyo haikuwa ngeni, maana madaktari wa siku zile waliitumia kutibu macho na vidonda.

Mwaka 1858 Livingstone alimchukua Kirk katika safari ya mto Zambezi kuwa mganga na mtaalamu wa mimea. Angalieni jambo hili. Mpiga picha rasmi wa safari hakuwa Kirk. Kazi hiyo alipewa Charles Livingstone, mdogo wake kiongozi, pamoja na vyombo vilivyonunuliwa kwa fedha za serikali. Kazi ya Charles haikufanikiwa, na karibu picha zake zote zimepotea. Zinazotuonyesha safari ile ni za Kirk, ambaye hakuna aliyemwagiza. Alipiga katika muda aliouiba kwenye kazi zake nyingine, baada ya kuwahudumia wagonjwa wa homa na kukausha majani yake baina ya karatasi. Alijaribu karatasi za nta na alijaribu vioo. Nyingine zilitoka vizuri, nyingine ziliharibika, akarudia. Sisi twaona mara nyingi hata kanisani kwamba kazi hufanywa vema na mtu aipendaye kuliko mwenye cheo chake, lakini tusiwataje watu.

Miongoni mwa picha zake za Zambezi iko ya jumba la Shupanga, nyumba kubwa kando ya mto. Ukiitazama bila kujua habari zake ni nyumba tu, yenye kivuli chini ya baraza. Ni katika nyumba hiyo alimofariki Mary, mkewe Livingstone, tarehe 27 Aprili 1862, kwa homa, na Kirk alikuwa mmoja wa waliomhudumia. Alizikwa karibu na hapo, chini ya mbuyu. Mwaka huohuo, katika bonde la mto Shire, Kirk alikuwa pamoja na wale waliomsindikiza dada yake Askofu Mackenzie kwenda kumwona kaka yake, wakapata habari njiani kwamba Askofu amekwisha fariki tangu tarehe 31 Januari. Hao ndio watu wa kwanza wa UMCA, na wasomaji wetu wajua jinsi kazi ile ilivyohamia Unguja mwaka 1864.

Msiba wake mwenyewe ulimpata Novemba 1860 kwenye maporomoko ya Kebrabasa. Mtumbwi wake ulipinduka. Yeye aliponea chupuchupu, lakini maji yalichukua daftari zake za mimea, kazi ya miaka miwili, pamoja na michoro mingi na vyombo. Mtu mwingine angeacha. Yeye alianza upya. Mwaka 1863 alirudi Uingereza amechoka na ameumwa mno, hata hivyo haikupita miaka mitatu akaomba kurudi Afrika.

Alifika Unguja mwaka 1866 kuwa mganga wa ubalozi. Mwaka uliofuata alimwoa Helen Cooke hukohuko Unguja. Taratibu alipanda vyeo, na mwaka 1873 akawa konseli. Huko nyumba zilikuwa na vyumba vya giza na maji ya mvua yalipatikana visimani, basi kamera ilipata makao. Alipiga bandari, majumba, mitaa, vyombo vya baharini, miti na watu. Kule Mbweni alikuwa na nyumba na shamba alilolijaza miche kutoka pande nyingi za dunia, na alipoondoka nyumba ile ikaja kuwa ya Caroline Thackeray, mwalimu wa miaka mingi wa shule ya wasichana ya UMCA. Majani, mbegu na wanyama aliwapeleka kwa wataalamu wa Ulaya, ndiyo maana kima punju wa Unguja, yule mwenye mgongo mwekundu, ana jina la Kirk katika vitabu vya Kilatini, na digidigi wetu wa porini vilevile.

Sasa tufike kwenye habari ya Kwihara.

Livingstone alipokuwa bara, ilikuwa kazi ya ubalozi wa Unguja kumpelekea nguo, shanga na chakula. Mizigo ilipitia mikononi mwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, na wapagazi waliopatikana wengi wao walikuwa watumwa wa watu. Msafara mmoja ulifika Ujiji, mkuu wake akaiuza mali yote. Mwingine ulivushwa hadi Bagamoyo mwezi Novemba 1870, ukakaa pale zaidi ya miezi mitatu bila kuanza safari. Stanley alipofika hapa kwetu mwezi Juni 1871, baadaye akaona mizigo hiyo ya Livingstone imelala papa hapa Unyanyembe, na vita vya Mirambo vikaifunga njia ya Ujiji. Livingstone alikuwa Ujiji hana kitu. Wakaja wote wawili Kwihara mwezi Februari 1872. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi, na Livingstone akabaki kungoja watu kutoka pwani hadi tarehe 25 Agosti.

Katika siku hizo zote aliyelaumiwa ni Kirk. Stanley alipofika Ulaya aliyatangaza hayo mbele ya watu wote na kuyaandika kitabuni, kwamba Kirk alimtupa rafiki yake. Livingstone naye alimwandikia Kirk barua kavu, na urafiki wa miaka mingi uliingia ufa. Kirk aliumia sana. Hata hivyo hakwenda kugombana magazetini, majibu yake aliyaandika kwa wakubwa wake serikalini, nao walipochunguza hawakumwona na hatia.

Nasi twasemaje, tulio watu wa upande huu wa njia? Twaona Stanley alipita kiasi. Hakujua, au hakutaka kujua, jinsi ilivyokuwa vigumu kwa mtu aliyekaa Unguja kuamrisha msafara ulio mwendo wa miezi mitatu bara. Lakini kosa lilikuwako. Miezi mitatu Bagamoyo ni mingi, na Bagamoyo yaonekana karibu mno kutoka Unguja. Mtu huyu aliyezoea kuangalia kioo chake kwa saa ya mfukoni, asikiache hata nukta moja zaidi ya kiasi, mizigo ya rafiki yake aliiacha mikononi mwa watu wengine bila kwenda kuitazama mapema. Alichokitazama kwa macho yake alikifanya vizuri. Njia yetu hakuitazama.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 1860 Speke na Grant walipoanza safari yao, Grant alikuwa na kamera, na alipiga picha kadhaa kule Unguja. Lakini joto la hema la giza lilimlemea, ikaamuliwa kamera irudishwe, naye akaendelea kwa kuchora. Walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwanzoni mwa 1861, hawakuwa na kamera tena. Kwa hiyo watu wetu waliokuwa wakibeba pembe na nguo kati ya Ujiji na pwani, maelfu kwa maelfu kila mwaka, twawajua kwa michoro ya wageni na kwa masimulizi. Yule mtoto Kalulu ambaye Stanley alipewa hapa Tabora mwaka 1871 ana picha, lakini alipigiwa studio huko London, amevishwa na kusimamishwa kando ya bwana wake kama mtu wa mchezo.

Kuna picha nyingine tunayoiona kwa mawazo tu. Livingstone alifariki mwaka 1873 kwa Chitambo. Susi, Chuma na wenzao walimbeba, wakapita hapa Unyanyembe mwezi Oktoba, wakafika pwani. Alipozikwa London katika Abasia ya Westminster, tarehe 18 Aprili 1874, watu wanane walishika jeneza. Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright, Mwafrika aliyetembea na maiti ile kutoka bara. Mmoja alikuwa Stanley. Na mmoja alikuwa Kirk. Jeneza moja, mshitaki na mshitakiwa pamoja.

Mwaka uliotangulia mazishi hayo ndio mwaka wa kazi kubwa ya Kirk. Mapema 1873 Sir Bartle Frere alikuja Unguja na manowari kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini, akashindwa, akaondoka. Kirk akabaki. Alimjua Sultani, alijua lugha, alijua nani ana sauti barazani. Nyuma yake palikuwa na tishio la kuizuia bandari kwa manowari, wala tusilifiche hilo, lakini tishio hilohilo lingeweza kuleta damu katika mikono ya mtu mwingine. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia sahihi, na soko la Mkunazini likafungwa. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa letu kuu likawekwa pale pale, na Askofu Steere akalijenga. Mwaka 1876 Sultani alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo, kisheria uliondolewa Unguja mwaka 1897, na hapa bara ulichukua miaka zaidi.

Mwisho wa kazi yake haukuwa mtamu. Kwa miaka mingi alimjenga Barghash awe na nguvu pwani. Wajerumani walipokuja mwaka 1885 kudai bara, serikali ya Kirk ilimwagiza amshauri Sultani akubali. Alitii. Ndivyo Tabora yetu ilivyoingia katika hesabu ya wengine bila mtu wa Tabora kuulizwa. Kirk aliondoka, akastaafu mwaka 1887. Alihudhuria mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 juu ya biashara ya watumwa, akashughulikia pia reli ya Uganda. Wakati huo kupiga picha kulikuwa kumegeuka: vioo vikavu viliuzwa madukani, na mwaka 1888 kamera ya Kodak ilianza kuuzwa, ambayo hata mtu asiyejua dawa aliweza kuibonyeza. Alifariki Sevenoaks, Uingereza, tarehe 15 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 89.

Picha zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, mji alikosomea. Zimefifia na kuwa rangi ya chai, lakini majengo yaonekana, miti yaonekana. Jambo moja latusumbua. Katika picha nyingi za wasafiri wa siku zile, mti umeandikwa jina lake kamili la Kilatini, na mtu aliyesimamishwa kando yake ili urefu wa mti ujulikane hakuandikwa jina lolote. Alisimama dakika zile zote bila kupepesa macho. Alikuwa na mama, na kijiji, na labda watoto. Mpiga picha aliyeujua mti alikuwa akimjua na mtu huyo pia, maana ndiye aliyembebea sanduku la vioo.

Wala tusimcheke Kirk. Wiki hizi tumefungua sanduku la picha za zamani la kanisa, zile za nyeusi na nyeupe zenye kingo za meno meno, nyingine zilizopigwa studio za mjini mbele ya pazia lililochorwa maua, wakati mtu alipoambiwa atulie asicheke. Nyuma ya nyingi hapana neno. Wazee watakaoweza wakae kidogo baada ya ibada ya Jumapili, wazitazame pamoja nasi. Tutaandika kwa penseli, maana wino hupenya. Tumeanza na moja: watu saba mbele ya mlango wa kanisa, wanaume wanne na akina mama watatu, na mmoja wa akina mama amempakata mtoto. Mpaka sasa tumepata majina manne.